Jina la Mtu na Dhamana Yake

 

Maswali mawili yalitufikia karibu kwa wakati mmoja, na tulipoyaweka pamoja tuliona kuwa ni swali moja lililovaa nguo mbili. La kwanza lilitoka kwa kijana wetu mzaliwa wa Dunda, hapa Bagamoyo mjini, ambaye sasa anaishi na kufanya kazi Marekani. Anasema hana deni la mtu yeyote, kodi ya chumba hulipa kabla ya siku yake, na tangu afike huko hajawahi kukopa hata senti. Pamoja na hayo, alipotaka kupanga nyumba ya kumtosha mkewe na watoto alikataliwa, na sababu aliyopewa ni kwamba hajulikani. Benki ikamshauri aweke dola 300, naye atapewa kadi ya mkopo yenye kiwango hicho hicho cha dola 300, ili kwa kuitumia na kuilipa aanze kujulikana. Yeye anatuuliza: fedha ni zangu, zimo mikononi mwao, kwa nini niitwe mkopaji? Na je, katika dini yetu jambo hili limekaaje?

Swali la pili ni la mama yetu mmoja anayekaanga samaki karibu na soko la samaki, pale chini ufukweni. Alikwenda kuomba mkopo wa kununulia friza, akiamini kuwa miaka yake mingi ya kununua mnadani na kulipa bila ugomvi ingemtetea. Akaambiwa kuwa jina lake limechafuka, kwa kuwa ana deni la simu ambalo halijalipwa. Mama hakuwahi kukopa kwa simu. Aliyekopa ni mpwa wake, kwa laini ambayo mama huyo aliisajili kwa kitambulisho chake mwenyewe, kwa huruma, wakati wa zoezi la kusajili laini kwa alama za vidole, na kijana yule kwa sasa hajulikani alipo.

Huyu wa kwanza amenyimwa kwa sababu hana jina, na huyu wa pili amenyimwa kwa sababu jina lake limetumiwa na mwingine. Tumeona yafaa tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo, kwani hapana shaka wengi katika safu zetu za sala limewagusa, ijapokuwa hawajui lianzie wapi kulieleza.

Tuanze na kadi yenyewe, kwa kuwa wengi wetu huisikia tu. Nchini Marekani yapo makampuni ambayo kazi yake ni kukusanya habari za wakopaji: nani amekopa, kiasi gani, analipa siku gani, amechelewa mara ngapi. Makubwa ni matatu, Equifax, Experian na TransUnion, na hilo la kwanza lilianza mwaka 1899 katika mji wa Atlanta, likiwauzia wenye maduka habari za wateja wao. Kutokana na habari hizo hutengenezwa alama. Alama iliyo mashuhuri zaidi, iliyoanza kutumika mwaka 1989, huanzia 300 na kuishia 850. Katika hesabu yake, asilimia 35 ni tabia ya mtu katika kulipa, asilimia 30 ni kiasi anachodaiwa kikilinganishwa na kile alichoruhusiwa kukopa, asilimia 15 ni umri wa madeni yake, na zilizobaki hugawanywa baina ya maombi mapya ya mkopo na aina za mikopo aliyo nayo. Msomaji atazame vizuri: hakuna hata sehemu moja inayouliza mtu ana akiba kiasi gani. Mtu anaweza kuwa na fedha kabatini na asiwe na alama hata moja, maana kinachopimwa ni jinsi anavyodaiwa na kulipa.

Hapo ndipo ilipozaliwa kadi ya mkopo yenye dhamana. Mtu asiye na jina, au aliyeliharibu jina lake, huweka fedha taslimu benki, nayo benki huzifunga kama rahani na kumpa kadi ya kiwango hicho. Kila mwezi benki hupeleka habari zake kwa makampuni yale. Akinunua vitu vya dola 40 au 50 kwa kadi ya 300, akalipa zote kabla ya siku iliyoandikwa, akaendelea hivyo kwa miezi sita, huanza kuonekana katika daftari. Baada ya mwaka au zaidi, benki nyingi humrudishia rahani yake na kumpa kadi ya kawaida. Akichelewa zaidi ya siku 30, huandikwa, na maandishi hayo hukaa miaka saba.

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa wameweka fedha, basi wakinunua kitu fedha hiyo ndiyo inayokatwa. Sivyo. Fedha ile imelala, na kila ununuzi ni mkopo mpya. Asipolipa wote kwa siku yake hutozwa riba, na mara nyingi riba hiyo huvuka asilimia 20 kwa mwaka, ilhali fedha zake mwenyewe ziko palepale zimefungiwa. Rahani huguswa pale tu anaposhindwa kabisa na akaunti ikafungwa. Kuna na ada za kila mwaka, na zamani zilikuwapo kadi ambazo ada zake zilikula karibu kiwango chote cha kadi kabla mtu hajanunua hata mkate, mpaka sheria ya Marekani ya mwaka 2009 ilipoweka kikomo kwamba ada za mwaka wa kwanza zisivuke robo ya kiwango.

Sasa asije mtu akasema kuwa haya ni mambo ya Wazungu, sisi watu wa pwani hayatuhusu. Mji huu wa Bagamoyo ulijengwa juu ya mikopo. Misafara iliyotoka hapa kwenda Tabora na Ujiji haikuondoka kwa fedha mkononi. Nguo, shanga, nyaya za shaba na baruti vilitolewa kwa deni na matajiri wa Unguja na wa hapa mwambao, kwa ahadi ya pembe za ndovu ambazo bado zilikuwa vichwani mwa tembo, mwendo wa miezi kadhaa kutoka baharini. Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, ameeleza katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili jinsi alivyochukua mali kwa matajiri kama Taria Topan. Na hapa Bagamoyo alikuwapo Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa mwaka 1851 na kufariki 1897, ambaye alifungasha misafara, akatafuta wapagazi, na katika uhai wake akatoa mali kwa ajili ya hospitali na shule. Hapakuwa na kampuni ya alama. Palikuwa na watu waliokuwa wakiulizana: fulani safari iliyopita alirudi? Alilipa? Aliyerudi na kulipa alipewa zaidi, na aliyekimbilia bara asirudi, habari zake zilimtangulia kila bandari. Hatusemi kuwa biashara ile ilikuwa safi, maana ndani yake walibebwa pia wanadamu waliofungwa minyororo, na hilo hatuwezi kulipita bila kulitaja. Tunachosema ni kwamba kupimwa kwa jina si jambo geni katika mitaa yetu.

Rahani nayo tunaijua. Wazee wetu waliweka minazi rehani. Mwenye shida alitoa minazi yake kumi au ishirini, akapokea fedha, na mwenye fedha akaangua nazi mpaka siku atakapolipwa. Nazi hizo hazikupunguza deni hata kidogo. Mtu aliweza kula nazi za mwenzake miaka saba na bado akadai fedha zake kamili. Kule Unguja na Pemba ikaenea bei ya khiyari: mtu "huuza" shamba lake kwa sharti la kulikomboa, kisha hubaki ndani yake akilipa kodi kwa "mnunuzi", na kodi hiyo ikasimama mahali pa riba bila kuitwa riba. Wanavyuoni wamekubaliana tangu zamani kwamba mkopo unaomletea mkopeshaji manufaa ya sharti ni riba, hata manufaa hayo yakiwa ni madafu. Kwa hiyo tunapoisema benki ya ng'ambo, tukumbuke kwamba babu zetu walikuwa na hila zao, na baadhi ya mashamba ya pwani hii yalihama mikononi mwa wenyewe kwa njia hiyo.

Tena kuna jambo ambalo vijana wetu hawafundishwi. Mwaka 1923 serikali ya Kiingereza katika Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Kwa sheria hiyo, asiye mwenyeji akimkopesha mwenyeji, deni lile halikuweza kudaiwa mahakamani isipokuwa kwa idhini ya maandishi ya afisa wa serikali. Ilisemwa kuwa ni kumkinga Mwafrika asinyang'anywe mali yake. Pengine wapo waliokingwa. Lakini tazama matokeo yake: mwenye duka hakuwa na sababu ya kumwandika Mwafrika katika daftari lake la mikopo, benki haikuwa na sababu ya kumjua, na hivyo watu wengi wakaishi na kufa bila maandishi yoyote yanayosema kwamba waliaminiwa wakalipa. Sheria ile haipo tena. Kilichobaki ni desturi ya kuishi nje ya daftari, na sehemu kubwa ya mkoa wetu wa Pwani bado iko huko.

Mlingotini na vijiji vingine vya mwambao wanaolima mwani wanayaelewa haya bila kusoma. Kwa miaka mingi ilikuwa kawaida ya kampuni za kununua mwani kuwapa akina mama kamba na mbegu, kwa sharti kwamba mwani wao wasiuze kwingine. Mama huyo alikopeshwa, akalipa kwa mwani, mwaka baada ya mwaka, na hana karatasi hata moja. Akienda kuomba mkopo mahali pengine ni mtu mpya kabisa, kama yule kijana wetu wa Marekani siku aliyoshuka kwenye ndege.

Kwa sasa hali nchini mwetu imebadilika, na imebadilika upesi kuliko maarifa yetu. Benki Kuu ilitoa kanuni za wakala wa taarifa za mikopo mwaka 2012, na mwaka uliofuata kampuni za kwanza zikapewa leseni. Tangu hapo habari za mkopaji wa benki hukusanywa, njema na mbaya pia. Mwaka 2014 ikaja M-Pawa ya Vodacom pamoja na benki ya CBA, kwa mfano wa M-Shwari ya Kenya iliyoanza mwaka 2012. Mtu huweka akiba kidogo kidogo katika simu, na kwa akiba hiyo na matumizi yake ya simu hupimwa anaweza kukopeshwa kiasi gani. Je, hii si ndiyo kadi yenye dhamana iliyovuliwa plastiki? Ada ya M-Shwari ilipoanza ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Iliitwa ada ya huduma. Msomaji apige hesabu mwenyewe: anayekopa na kulipa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima huwa ametoa asilimia 90 ya kile alichokopa, na wala hakubaki na kitu.

Kule Kenya walifikia mahali ambapo watu waliandikwa katika orodha ya wasiolipa kwa deni la shilingi mia chache, wakakosa mikopo kwa ajili ya hilo, mpaka Benki Kuu ya nchi hiyo mwaka 2020 ikakataza kuandikwa kwa deni lililo chini ya shilingi 1,000 za Kenya. Kwetu, mwezi Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa simu bila leseni. Walioguswa wanajua zilivyofanya kazi: programu husoma majina yote yaliyomo katika simu yako, na ukichelewa siku mbili, mkweo, mwajiri wako na imamu wako wanapata ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Hilo nalo ni namna ya kushika rahani, na kilichoshikwa ni heshima ya mtu.

Lakini lililotuumiza zaidi ni hili linaloitwa kausha damu. Wapo wakopeshaji wa mitaani ambao humwambia mwalimu, mlinzi au mstaafu: lete kadi yako ya benki na namba yako ya siri, uchukue fedha. Mwisho wa mwezi mkopeshaji huenda mwenyewe kwenye mashine, hutoa mshahara, huchukua chake na kumpa mwenye kazi kilichobaki. Ajabu iliyoje! Huko ng'ambo mtu huweka fedha rahani ili apate kadi. Hapa kwetu mtu huiweka kadi rahani ili apate fedha, na pamoja na kadi huweka kazi yake, jasho lake na chakula cha wanawe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilipitishwa mwaka 2018, na kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, riba iliwekewa kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Hawa wa kadi mfukoni wamekuwa wakitoza asilimia 20 na 30 na zaidi, tena baadhi yao, na tunayasema haya kwa haya usoni, husimama nasi safu moja siku ya Ijumaa.

Turudi kwenye swali la dini, kwani msomaji wetu hatatusamehe tukilikwepa. Deni si aibu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya sura ya Al-Baqara, inahusu deni, na inaamrisha liandikwe, liwe dogo au kubwa, na washuhudie mashahidi. Aya inayoifuata inataja rahani kwa walio safarini wasiopata mwandishi. Na imethibiti kuwa Mtume, rehema na amani zimfikie, alifariki hali deraya yake iko rahani kwa Yahudi mmoja wa Madina kwa ajili ya shayiri aliyoichukua kwa ahali zake. Basi kuweka dhamana ili uaminiwe, kwa asili yake, ni jambo lililofanywa na mbora wa viumbe. Haramu imo katika ziada.

Kuhusu kadi, wanavyuoni hawakukaa kimya. Jumuiya ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikutana Riyadh mwezi Septemba mwaka 2000, na katika azimio namba 108 ikasema kuwa kadi ya mkopo isiyofunikwa na fedha za mwenyewe haifai kutolewa wala kutumiwa iwapo ndani yake mna sharti la riba, hata kama mwenye kadi amekusudia kulipa ndani ya muda usiotozwa. Kisha ilipokutana Muscat mwezi Machi 2004, katika azimio namba 139, ikaruhusu kadi iliyofunikwa, yaani ile ambayo fedha za mteja zimo benki na ndizo zinazobeba matumizi yake, maadamu hakuna sharti la kutozwa riba kwa kuchelewa.

Kijana wetu atauliza: yangu ni ipi? Nimeweka dola 300, je, si imefunikwa? Hapa ndipo tulipoomba msomaji atazame vizuri jinsi kadi ile inavyofanya kazi. Ikiwa kila anachonunua kinachukuliwa katika fedha alizoweka, na hakuna riba katika mkataba, basi hiyo ndiyo iliyozungumzwa Muscat, na zipo kadi chache za namna hiyo huko Marekani, ambazo hazitozi riba kabisa na bado hupeleka habari njema za mwenye kadi kwa makampuni ya alama. Bali ikiwa fedha zimefungwa pembeni na mkataba unasema atakayechelewa atatozwa asilimia kadhaa, basi jina la "dhamana" halikubadilisha kitu, na hiyo iko karibu zaidi na iliyokatazwa Riyadh. Wapo wanavyuoni wanaowaruhusu walioko nchi zile kuichukua hiyo ya pili kwa haja, kwa sharti la kulipa yote kila mwezi na kuamrisha benki ikate yenyewe ili mtu asisahau. Hatuwatukani wala hatumtukani anayewafuata. Sisi rai yetu ni kwamba haja haihesabiwi kuwa haja mpaka mtu awe amebisha milango mingine kwanza, na milango ipo. Mwenye nyumba anaweza kukubali kupeleka habari za kodi inayolipwa kwa wakati, na tangu mwaka 2019 Experian imewawezesha watu kuingiza katika kumbukumbu zao malipo ya umeme na simu. Mara nyingine mwenye nyumba huridhika na barua ya mwajiri pamoja na stakabadhi za mwaka mzima. Kijana mwenye stakabadhi zilizopangwa vizuri hawi maskini wa ushahidi.

Na huku nyumbani? Iko Amana Bank, iliyofunguliwa mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya sharia, na CRDB ikaanzisha huduma ya Al Barakah mwaka 2021. Mama yetu wa friza angeweza kununuliwa friza hiyo na benki, kisha akauziwa kwa faida inayojulikana na kulipa kwa awamu, na malipo yake yangeandikwa kama ya mtu mwingine yeyote. Lakini tusijidanganye: benki hizo nazo hutazama kumbukumbu, nazo huomba dhamana. Anayedhani kwamba kanzu na kofia vinatosha kuwa dhamana hajui benki, na pengine hajui Waislamu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye lawama ambayo hatuwezi kuitupa nje ya msikiti. Kwa nini mama yule hakuwa na mahali pa kukopa ila kwa wageni? Jirani zake ni Waislamu, na wenye mashua anaowaungisha kila siku ni Waislamu. Katika misikiti yetu kuna mifuko iliyokaa na fedha ikisubiri bati au mazulia kwa miaka. Tumeshuhudia msikiti mmoja ambao ulijaribu kukopesha bila riba. Mwaka wa kwanza fedha zilitoka, mwaka wa pili nusu hazikurudi, mwaka wa tatu mfuko ukafa kimya kimya. Tulipouliza daftari, hapakuwa na daftari. Ilionekana ni utovu wa adabu kumwandikisha ndugu. Aya ndefu kuliko zote tunaisoma kwa tajwidi nzuri, halafu tunaona haya kuitii! Mtunza fedha alikuwa mtu mwema, na wema wake ulimfanya asidai. Waliokopa wakaona fedha ya msikiti ni ya Mungu, na Mungu ni Mwingi wa kusamehe. Ndivyo tunavyosema, kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga yale yalikuwa ya mfuko wenyewe.

Wapo pia wale wenye uwezo ambao huchelewesha ujira wa fundi na bei ya mvuvi. Mtu ana gari la pili uani, na muuza samaki anapita mlangoni kwake mara ya tano. Mtume alikataa kumsalia maiti aliyekufa na deni lisilo na cha kulilipia, mpaka Abu Qatada aliposimama na kulibeba yeye. Tunamsomea marehemu hitima ya pilau ya mamia ya watu na hatuulizi nani alikuwa akimdai.

Walipo watu wa vikundi vya kuweka na kukopa tumeona mambo mazuri zaidi. SACCOS nyingi humkopesha mwanachama mara mbili au tatu ya akiba yake, na akiba hiyo ndiyo dhamana. Mwenye kuweka kila wiki tangu miaka mitatu huwa na kitabu kinachomsemea. Shida ni riba ya mikopo hiyo, na vipo vikundi vya akina mama vilivyoiondoa, vikatoza ada moja ya kununulia daftari na kalamu, na faini ya mchelewaji ikapelekwa kwa mayatima isirudi kwa wakopeshaji. Havikufa. Tofauti yao na ule mfuko wa msikiti ni daftari tu, na mama mmoja mkali wa kulishika.

Tumewashauri viongozi wa misikiti ya hapa mjini, na wa Kaole, Zinga, Kerege na Mapinga, kwamba atakayefungua mfuko wa mkopo mwema asiufungue kabla hajanunua kitabu cha nakala mbili. Mkopaji aandikwe, mashahidi wawili watie sahihi, na kila anapolipa apewe karatasi. Akimaliza apewe barua yenye muhuri inayosema kwamba fulani alikopa kiasi fulani akalipa kwa siku zake. Barua hiyo haitaingia katika kanzidata ya Benki Kuu. Lakini afisa mikopo ni mwanadamu, na mwanamke anayeweka mezani barua nne za namna hiyo pamoja na kitabu cha akiba si sawa na anayeweka mikono mitupu.

Ama wale waliotuuliza, tumewajibu hivi. Mama yetu tulimwambia kwanza apige *106# katika simu yake aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Zilikuwa nne, na yeye hutumia moja. Tulimsindikiza kwenye duka la kampuni ya simu akazifunga zisizo zake. Kisha tukamwandikia barua ya kuomba taarifa yake ya mikopo, kwani ni haki ya mkopaji kuiona na kupinga kilichoandikwa kwa makosa. Tulimweleza pia bila kumficha kwamba deni lile limetoka kwa jina alilolitoa mwenyewe, na huenda akalazimika kulilipa ndipo lifutwe. Alinyamaza kidogo, akauliza ni kiasi gani. Ilikuwa shilingi 38,000. Akasema angeambiwa mapema angelilipa siku ile ile, kwa mauzo ya asubuhi moja.

Kijana wetu alitujibu baada ya wiki tatu. Alikuwa amesoma mkataba wa kadi aliyoshauriwa, kurasa zake zote, akaikuta riba katika ukurasa wa pili. Ameiacha. Ametafuta nyingine isiyo na riba, ameweka dola 200, na huitumia kununulia mafuta ya gari peke yake. Wakati huo huo amemwomba mwenye nyumba ampe barua ya miezi 24 aliyolipa kodi bila kuchelewa. Mwenye nyumba alishangaa kuombwa kitu kama hicho, akaiandika siku hiyo hiyo.